Sufuria Chini ya Mnara

Radi ilipomuua beberu wa Kabagwira, swali la kwanza watu wa kichochoro kile cha Rwezamenyo, mjini Kigali, walilouliza halikuwa kama kuna binadamu aliyeumia. Waliuliza kama nyama yake inaliwa.

Beberu alikuwa amelala ubavu kando ya ua wa minyaa, ananuka manyoya ya kuungua, na ndevu zake zimetulia vizuri kama za mzee wa safu ya mbele msikitini. Mvua ilikuwa imepungua. Watu walimzunguka, kila mmoja na maoni yake.

"Amekufa bila kisu," alisema Usumani, mwuza vitenge na mkuu wa seli, yaani wa mtaa, ambaye alifika na mwavuli wake mweusi na kofia mpya ya chama. Mwaka ule wa 1992 vyama vilikuwa vimeruhusiwa, na Usumani alikuwa na kofia ya kila kimoja, asije akakosana na mtu. "Radi haikusema Bismillahi. Huyo ni nyamafu."

"Nyamafu kwako," alijibu Kabagwira. "Mimi ni Mkatoliki."

Lakini na yeye hakumla. Mama yake alikuwa amemfundisha tangu utoto kwamba kilichoguswa na radi hakiingii chunguni, na juu ya jambo hilo alimwogopa mama yake kuliko padri. Kwa hiyo alikuwa amepoteza mbuzi na nyama kwa pamoja, na hasira ilikuwa inatafuta pa kukaa. Akainua macho. Hakuhitaji kutafuta sana.

Upande wa pili wa ua, katika kiwanja cha jirani yake Twahiru, ulisimama mnara wa chuma, mrefu kuliko mnara wa msikiti, jambo ambalo wazee wa msikiti hawajalisamehe mpaka leo. Twahiru alikuwa fundi wa redio, mwenye kibanda chake mtaa wa Biryogo, na serikali ilikuwa imempa kibali cha kuzungumza na dunia kwa redio ya kwake mwenyewe. Si kwa biashara wala kwa siasa. Alikuwa anaita tu hewani, aone nani ataitika. Brazil iliwahi kuitika. Vita vilipoanza Oktoba ya mwaka 1990, askari walikuja wakaichukua redio ile. Mnara waliuacha kwa sababu haukuingia kwenye gari lao la jipu. Ila waya mnene wa shaba, uliotoka mguuni mwa mnara ukaingia ardhini, waliukata wakaondoka nao kwa kuwa uling'aa. Tangu siku hiyo mnara haukuwa na redio, na radi haikuwa na njia ya kushukia.

"Radi yenyewe haina ubaya," Twahiru aliwaeleza watu, huku mikono yake imelowa. Alikuwa mtu mwembamba aliyeeleza mambo hata pasipo kuulizwa. "Radi ni kama mgeni aliyebanwa haja. Ukimwonyesha mlango wa choo, anapita salama. Usipomwonyesha, atamalizia popote."

"Amemalizia kwa mbuzi wangu," alisema Kabagwira.

Watu walicheka. Usumani hakucheka, kwa sababu Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa anaoza binti, na kiwanja chake kilipakana na cha Twahiru upande ule mwingine.

"Twahiru, nisikilize," alisema. "Kabla ya harusi yangu, huo mnara ama uupe hicho choo chake, ama uubomoe. Sitaki wageni wangu wawe nyamafu."

* * *

"Ubomoe," alisema mkewe Twahiru walipokuwa wanakula.

Jina lake Nyirarukundo, lakini mtaani alikuwa Mama Shemsa, kwa binti yao aliyeolewa Bujumbura. Ni yeye aliyeilisha nyumba hiyo. Hakuna harusi wala hitima iliyopita Biryogo na Rwezamenyo bila pilau yake, na hakuna pilau yake iliyopikwa nje ya Tabora. Tabora ilikuwa sufuria ya shaba, pana kiasi cha kuogeshea ndama, iliyoletwa na babu yake mfanyabiashara kutoka mji wa jina hilo, naye aliirithi kwa mama yake. Watu waliitaja kama mtu. "Tabora anapika wapi Jumapili?" waliulizana. Mumewe hawakumuulizia anafanya kazi wapi.

"Mnara haubomolewi hivi hivi," Twahiru alisema. "Redio watairudisha. Kibali changu hakijafutwa."

"Walisema watairudisha lini?"

"Wakimaliza uchunguzi."

"Walisema hivyo mwaka juzi, Baba Shemsa. Redio gani inachunguzwa mpaka inaota mvi? Huyo aliyeichukua anasikilizia mpira."

Twahiru alimega ugali akautazama. Alijua ni kweli. Pia alijua kwamba siku atakayoubomoa mnara, atakuwa fundi wa kibandani tu kama mafundi wengine, wanaosubiri watu walete redio zilizoliwa na mende.

"Nitautengenezea njia ya ardhini," alisema. "Ni kazi ndogo."

"Basi ifanye kabla sijarudi," alisema mkewe, maana kesho yake alikuwa anakwenda Butare kumwuguza dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. "Na usisahau kuwapa kuku maji."

Kuku aliwapa maji. Kisha akafungua kitabu cha Kifaransa alichoachiwa na Mbelgiji aliyemfundisha kazi, akatafuta ukurasa wa radi. Kitabu kilisema: bamba pana la shaba, lizikwe penye udongo wenye unyevu, na waya ushuke moja kwa moja bila kona, kwa sababu radi haipendi kona. Hakikusema mtu wa Rwezamenyo ataitoa wapi shaba wakati wa vita. Twahiru alizunguka maduka ya vifaa mjini. Mwenye duka wa mwisho alimwambia shaba haijaingia tangu barabara ya kaskazini ifungwe, akamwonyesha mabomba ya chuma.

"Chukua haya mawili, yapigilie chini, yatakusaidia."

"Kitabu kinasema shaba," alijibu Twahiru, akatoka bila kuaga vizuri.

Aliporudi nyumbani alifungua stoo kutafuta nyundo. Tabora ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyekundu na pana, kitako chake kimemwelekea yeye.

Alifunga mlango wa stoo. Akaufungua tena.

Kazi aliifanya Ijumaa adhuhuri, wanaume wote wakiwa msikitini. Alichimba kando ya mfereji wa bafu, mahali ambapo udongo haukauki hata kiangazi. Nyaya za antena alizishusha zote kutoka juu, akazisuka pamoja mpaka zikawa kamba moja nene, kwa hiyo sasa mnara haukuwa na redio wala antena. Kisha akaigeuza Tabora kifudifudi, akaweka msumari mkubwa katikati ya kitako, akainua nyundo. Pigo la kwanza lililia kama kengele. Aliweka kiganja kwenye shaba mpaka mlio ukaisha. Kisha akapiga la pili, kwa sababu tundu nusu halina faida kwa mtu yeyote.

Alifunga waya kwa boliti, akaizika sufuria imejifunika, akakanyaga udongo. Mvua nyepesi ilianza. Twahiru alisimama chini ya mnara wake, kichwa wazi, anatabasamu peke yake, na moyo wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu askari wale waje na jipu lao.

Nyuma ya ua wa minyaa, Kabagwira alikuwa anaanika nguo ambazo mvua ilikuwa inazilowesha upya. Aliona kwa macho yake mtu aliyekosa sala ya Ijumaa ili azike kitu kikubwa cha mviringo chenye waya.

* * *

Nyirarukundo alirudi Alhamisi jioni, amechoka, na jambo la kwanza alilofanya ni kufungua stoo.

"Tabora yuko wapi?"

Twahiru alikuwa amejiandaa kusema ukweli. Alikuwa amejiandaa siku zote hizo. "Nimempeleka kwa fundi wa masufuria," alisema. "Apakwe bati jipya ndani. Kwa ajili ya harusi."

Mkewe alimtazama. Katika miaka yote ya ndoa yao, mwanamume huyu hakuwahi kukumbuka kwamba sufuria ya shaba hupakwa bati ndani ili isitie chakula sumu.

"Umefikiria hilo wewe mwenyewe?"

"Nimeona bati limechakaa."

Alimkaangia mayai matatu. Asubuhi alipokwenda kuchota maji aliwaambia wanawake bombani kwamba waume wanabadilika, mtu asikate tamaa. Twahiru alikuwa kibandani kwake tayari, anafungua redio isiyokuwa na ubovu wowote.

Kabla ya adhuhuri Nyirarukundo alishuka Biryogo kuichukua sufuria yake. Fundi wa masufuria alikuwa amekaa kwenye baraza, amezungukwa na wateja na wavivu wanaokaa kwa fundi kwa sababu ya moto.

"Tabora?" alisema fundi. "Mama Shemsa, Tabora hajafika hapa tangu Maulidi ya mwaka jana."

"Mume wangu ameileta wiki iliyopita."

"Kwangu hajaleta. Labda anaipaka bati kule Brazil."

Baraza zima liliangua kicheko. Mmoja aliweka mkono sikioni kama mtu anayesikiliza redio, akaita, "Alo, Brazil! Sufuria ya mama imefika?" Nyirarukundo alisimama pale na noti ya fundi imekunjwa kiganjani, uso wake hauchezi. Kisha akaikaza khanga, akaanza kupanda mlima kurudi nyumbani.

* * *

Huko nyumbani hapakuwa na kicheko. Siku zile habari za mabomu zilikuwa zinasikika mjini, kwamba limelipuka sokoni, kwamba limelipuka kwenye basi, na Usumani, baada ya kumsikiliza Kabagwira mara tatu, aliona heri apeleke habari yeye kabla hajashtakiwa kwamba alijua akaficha. Alikuja na majandarme wawili, askari wenye bunduki, mmoja mnene na mmoja kijana. Walimkuta Twahiru amerudi kula.

"Weye iko Twahiru?" aliuliza yule mnene.

"Ndiyo mimi, afande."

"Hii antene iko yako? Unaongeaka na nani?"

"Siongei na mtu, afande. Redio mnayo ninyi."

Jibu lilikuwa la kweli na halikusaidia. Yule mnene alimkalisha chini, akamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo. Yule kijana alichukua jembe la Twahiru mwenyewe, akaanza kuchimba pale Kabagwira alipoonyesha kwa kidole kutoka mbali. Watu walikuwa wamejaa kwenye ua.

"Afande, ni sufuria," Twahiru alisema. "Ni njia ya radi. Naomba nieleze."

"Nyamaza."

Jembe liligonga chuma. Kijana alifagia udongo kwa mguu, na kikatokea kitako cha mviringo, kimeshika kutu ya kijani, na waya umesimama katikati.

"Bomu!" alipiga kelele, akalitupa jembe.

Kiwanja kizima kililala chini. Usumani alianguka kifudifudi kwenye mfereji wa bafu, kofia ya chama ikaelea. Kabagwira alisikika anamwita Mungu wake, "Mana yanjye!", kutoka mbali, maana alikuwa ameshafika nyumbani kwake. Jandarme mnene, akiwa ameegemea udongo kwa tumbo, alielekeza bunduki kifuani kwa Twahiru.

"Ni sufuria," Twahiru alirudia.

"Iko kila mwenye bomu anasema hivyo!"

Twahiru aliutazama mdomo wa bunduki. Aliona kidole cha yule mtu, na kucha yake imepasuka, na akafikiri kwamba kidole hicho nacho kinaogopa.

Hapo ndipo Nyirarukundo alipoingia getini kutoka kwa fundi. Aliona watu wamelala kama wamepigwa na usingizi. Akaona shimo. Akaliendea.

"Mama, rudi!" walimwita. "Itakulipukia!"

Aliingia shimoni na viatu vyake, akainama, akafuta udongo kwa kiganja kama anavyofuta uso wa mtoto. Akabisha kwa vidole. Shaba ikaitika.

"Tabora," alisema.

Kisha akaiona boliti. Aliishika, akaizungusha kidogo, akafuata waya kwa macho kutoka kitakoni mpaka mguuni mwa mnara, na kutoka mguuni mwa mnara mpaka kwa mumewe. Haikumchukua muda kuelewa.

"Afande," alisema, "usimpige risasi. Hii ni sufuria ya pilau, na pilau yenyewe ni ya harusi ya huyu mzee aliyelala mferejini. Na huyu uliyemfunga ni mume wangu. Ni mjinga, kila mtu hapa atakwambia, lakini ujinga wake si wa vita. Niachie. Nitamalizana naye mwenyewe."

Jandarme aliinua kidevu kutoka kwenye udongo. "Sufulia?"

"Sufuria."

"Ya pilau? Anaizika?"

"Kwa ajili ya radi," alisema Twahiru kwa unyonge.

Majandarme walitazamana. Mnene alisimama, akajipangusa tope, na kwa kuwa mtu mwenye bunduki hapendi kuonekana amelala chini kwa ajili ya sufuria, alitoa amri nyingi kwa mkupuo: sufuria itolewe, shimo lifukiwe, waya ukatwe uende naye kwa uchunguzi.

"Afande, ukiukata waya, mnara utakuwa hauna—"

"Unataka tukupeleke weye na sufulia?"

Waliondoka na waya. Usumani alitoka mferejini, akaenda moja kwa moja kwenye Tabora, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Na pilau yangu ya kesho?" aliuliza.

Nyirarukundo alikuwa anamfungua mumewe kamba, na alimfungua taratibu kwa namna iliyomwogopesha Twahiru kuliko bunduki.

* * *

Nyirarukundo hakusema neno na mumewe. Alisema na Tabora, ambayo sasa ilikuwa jikoni, imeoshwa, tundu linaangalia juu. "Tabora, mwambie huyo mtu chai iko mezani." "Tabora, mwulize kama bomba la chuma lisingetosha." Twahiru, kutoka mlangoni, alikiri kwamba lingetosha kiasi. "Tabora, umesikia? Lingetosha."

Jumamosi alipika katika sufuria za kuazima, za alumini, nyembamba, kila moja na mfuniko usio wake. Wali wa chini uliungua. Wake wa jamaa za bwana harusi walionja na kijiko wakatazamana, na mmoja akauliza kwa sauti ya upole kabisa kama mpishi yule ndiye yule aliyesifiwa. Nyirarukundo alisikia, akaendelea kupakua nyama.

Jiko lilikuwa barazani mwa ghala la vitenge la Usumani, upande wa mbali. Wanaume walikaa chini ya hema kubwa la turubai, na kwa kuwa kiwanja cha Usumani hakikutosha, ua ulikuwa umevunjwa kidogo, hema likaingia kwa Twahiru, na kamba zake zikafungwa kwenye mnara. Twahiru alizifungua asubuhi. Vijana wa Usumani wakazifunga. Akazifungua tena, wakazifunga tena.

"Waache," Usumani alimwambia. "Radi haipigi pale pale mara mbili. Mnara wako angalau ufanye kazi moja duniani."

Baada ya nikaha, wingu lilitokea nyuma ya mlima Kigali, jeusi kwa chini, na upepo ukaja na harufu ya vumbi lililolowa. Mvua ilipoanza, hata waliokuwa wamesimama nje walijibana ndani ya hema. Spika iliimba. Bwana harusi alikaa kwenye mkeka mpya, mgongo wake karibu kabisa na mguu wa mnara.

Twahiru aliingia amelowa chepechepe. "Tokeni," alisema. "Nawaomba. Mnara hauna njia ya ardhini. Tokeni hapa."

"Tuende wapi, mvuani?" mtu aliuliza.

"Popote! Nyumbani! Ghalani!"

"Alo, Brazil!" aliita mwingine, na hema zima likacheka. Habari ya barazani kwa fundi ilikuwa imeshafika. Usumani alimshika Twahiru mkono, akamsogezea mdomo sikioni. "Jana umenilaza mferejini. Leo unanifukuzia wageni. Toka, kabla sijawaita wale wa jana."

Ngurumo ilipita juu ya mtaa wa Nyamirambo. Twahiru alikimbia mpaka kwenye baraza la jiko.

"Mama Shemsa."

"Tabora hayupo," alisema mkewe bila kugeuka. "Sema na hizi za kuazima."

"Watakufa," alisema Twahiru.

Hakuongeza kitu. Hakutaja mgeni wala choo, kitabu wala kona. Nyirarukundo alisubiri maelezo yafuate, kama yalivyofuata siku zote, na yalipokosa kufuata ndipo alipogeuka. Midomo ya mumewe ilikuwa imegeuka rangi. Alitazama wingu, akatazama mnara, akatazama wanaume wote wale waliobanana chini yake kwa ajili ya kukwepa matone ya mvua.

Aliufungua mlango wa ghala la vitenge kwa teke. Akachukua mwiko na sinia, akapiga.

"Pilau huku!" aliita, kwa sauti iliyowahi kulisha hitima za mashehe. "Inapakuliwa ghalani! Hema halipewi! Atakayewahi ndiye mwenye nyama!"

Kisha hema likatoka. Wazee wa safu ya mbele walikuwa wa kwanza, kanzu zimepandishwa magotini, wakifuatwa na wajomba, mashemeji na mwenye spika. Waliokataa kulowa kwa ajili ya uhai wao walilowa kwa ajili ya mbavu. Bwana harusi alibaki mkekani, akimtazama mkwewe, mpaka mpambe wake alipomwinua kwa kwapa. Usumani peke yake alibaki katikati ya hema, mikono kiunoni, anawaamuru warudi.

"Hajj Usumani!" Nyirarukundo alimwita. "Wanapangusia mikono kwenye vitenge!"

Usumani alikimbia kama mtu wa miaka ishirini. Mguu wake ulikuwa ndiyo kwanza umegusa kizingiti cha ghala dunia ilipogeuka nyeupe.

Sauti ya radi ile haikuwa ya ngurumo. Ilikuwa kama mtu amepasua ubao mmoja mrefu kutoka mbinguni mpaka chini. Spika ilitoa mlio ikanyamaza milele. Turubai lilichanika kutoka kamba ya mnara mpaka nguzo ya kati, likaanguka, likawaka kidogo, na mvua ikalizima. Pale penye mkeka mpya palibaki alama nyeusi yenye moshi.

Ghalani mikono ilikuwa imesimama juu ya masinia. Wanawake walitoka ndani na bibi harusi wao, wakaanza kuhesabu wanaume kwa vidole, na kila mmoja alimpata wake. Nyirarukundo bado alikuwa ameshika mwiko. Twahiru alikuwa amekaa chini kwenye baraza, ameinamisha kichwa, analia bila sauti.

Mwishowe mzee mmoja alimeza.

"Kachumbari hakuna?" aliuliza.

* * *

Jumapili kila mtu alikuwa na maelezo yake. Usumani alisema Mwenyezi Mungu amewalinda wageni wake kwa sababu ya nia yake njema, akaongeza kwamba vitenge vilivyopata mafuta vitalipwa na mpishi. Kabagwira alisema Twahiru aliiita ile radi mwenyewe, maana nani mwingine alijua inakuja? Watu wa bwana harusi walisema pilau haikuwa mbaya, iliungua kidogo tu. Hakuna aliyekuja kusema asante, na Nyirarukundo hakumngoja mtu.

Alipotoka nje alimkuta mumewe juu ya mnara, karibu na kilele, na spana mkononi. Boliti ya kwanza ilikuwa imeshaanguka kwenye nyasi.

"Unafanya nini huko?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza jambo yeye mwenyewe tangu Ijumaa.

"Naubomoa."

"Hukukosea. Radi ilikuja kama ulivyosema."

"Najua," alisema Twahiru. "Sitaki kuwa sahihi mara ya pili."

Nyirarukundo alisimama. Alikuwa ameutaka mnara huo uondoke tangu siku ya kwanza uliposimamishwa, na sasa hakujua mikono aiweke wapi. Akachukua ile ncha ya kamba iliyokuwa inaning'inia, akaishika, ili chuma kisimwangukie mtu. Kipande cha juu kilishuka taratibu, kinazunguka, kikalala miguuni pake. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani.

"Baba Shemsa."

"Naam."

"Miaka yote ile, usiku kucha umevaa yale madude masikioni. Na Wabrazil wako, na Wabulgaria. Mlikuwa mnaongea nini?"

Twahiru alijifuta uso kwa mkono wenye kutu.

"Hali ya hewa," alisema.

"Nini?"

"Hali ya hewa, zaidi. Wao wanasema kwao kuna jua, au theluji. Mimi nasema kwetu mvua."

Nyirarukundo alifunga macho, akacheka mpaka kamba ikamtoka mkononi, akacheka mpaka Kabagwira akachungulia juu ya ua kuona nani amefiwa. Twahiru naye alicheka, ameukumbatia mnara asije akaanguka. Walipotulia, mkewe aliokota kamba, akaizungusha kiganjani.

"Na ya radi uliwaambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Twahiru alifikiri, spana imesimama kwenye boliti.

"Hawakuwahi kuuliza," alisema.

Mkewe aliivuta kamba ikakaza. "Haya," alisema, "shusha kingine."